Jumamosi Sita Nilizozikataa

Nilisema ndiyo. Hilo ndilo kosa langu, na naliweka hapa mwanzo ili hata asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu. Naishi hapa Toronto, Kingsview Village, kwenye mojawapo ya yale majengo marefu ya barabara ya Dixon. Nakaa na binti yangu Wakesho, ambaye ni muuguzi, na mtoto wake wa pekee, Neema, mwenye miaka tisa. Nilisoma hadi kidato cha nne. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa karani wa shule ya sekondari kwetu Taita, Kenya. Sikuwahi kufundisha darasani hata siku moja. Kumbukeni hilo, ndugu wasomaji, maana mkasa wote unatoka hapo.

Siku niliyosema ndiyo ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, katika chumba cha chini cha kanisa. Viatu vya theluji vilikuwa vimejaa mlangoni na chai ilikuwa inaletwa. Kamati ya hapo kanisani ilinipa ukuu wa shule ya Kiswahili ya Jumamosi. Watu wakapiga makofi. Nami nikainama kidogo, kama nilivyokuwa nikiwaona walimu wakuu wakiinama…

Mke wangu hakupiga makofi. Alinitazama tu.

Ningesema hapana! Neno dogo hivyo, lingenitosha kuokoa kila nilichokuwa nacho.

Lakini wacha niwaeleze shule yenyewe ilitoka wapi, ndipo mtaelewa nilichokiharibu.

Mimi na mke wangu, Mama Wakesho, tuliletwa huku na binti yetu tukiwa tumeshazeeka. Mimi Kiingereza nilikuwa nacho, cha ofisini. Mke wangu hakuwa nacho. Chake kilikuwa "thenki yu" na "bai bai", basi. Naye Neema, aliyezaliwa huku, Kiswahili alikisikia vizuri ila kila ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza. Nyanya anauliza kwa Kiswahili, mjukuu anajibu kwa Kiingereza, halafu nyanya anamgeukia mama mtu amtafsirie. Mimi ningeweza kutafsiri, ila sikujisumbua. Na mama mtu yuko kazini zamu mbili!

Mchana kutwa mke wangu na mtoto huyo walikuwa wanatazamana mezani kama wageni wa hoteli. Wanapendana, lakini hawana neno la kupeana. Mke wangu aliniambia mara moja, "Baba Wakesho, mimi sitaki dunia. Nataka huyu mtoto aniambie siku yake ilikuwaje, basi."

Ndipo akatokea Mwalimu Tabitha.

Tabitha ni mama wa Kitanzania, wa Morogoro. Alifundisha darasa la kwanza na la pili huko kwao miaka ishirini na miwili. Huku alikuwa anafunga vifurushi kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Akitoka zamu ya usiku Ijumaa, Jumamosi yuko kanisani na watoto kumi na mmoja, macho mekundu lakini anacheka. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na boksi la kadi za picha alizochora mwenyewe, na unga wa chapati.

Ndiyo, unga! Aliwakandisha watoto chapati huku wakitaja maji, chumvi, mafuta, moto. "Haya wapishi wangu," anasema, "nani kamwaga maji? Unga unalia!" Watoto wanaangua kicheko. Walikuwa wanachanganya Kiingereza na Kiswahili mpaka masikio yanauma. Yeye hakuwakemea hata siku moja.

Baada ya miezi minne hivi, asubuhi moja Neema aliingia jikoni akiwa bado na nguo za kulalia. Akasimama mbele ya nyanya yake akasema, polepole, kama mtu anayevuka barabara ya magari: "Nyanya… umelala vizuri?"

Mke wangu aliweka kikombe chini. Alilia! Alimkumbatia yule mtoto, na siku hiyo nzima alipiga simu Taita, akapiga Mombasa, akamwambia kila mtu kuwa mjukuu wake amemuuliza kama amelala vizuri.

Hiyo ndiyo kazi ya Tabitha.

Sifa zikaenea. Watoto kumi na mmoja wakawa arobaini, wakaongezwa walimu wawili wa kujitolea. Ndipo kamati ikasema shule sasa ni kubwa, inataka mkuu. Nanyi mnatujua sisi watu wa kwetu. Tukitafuta mkuu wa kitu chochote, macho yanamtafuta kwanza mwanamume mwenye mvi. Hatuulizi anajua nini.

Tabitha alikuwa ameandika kanuni za shule kwa mkono, karatasi mbili. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Mutua, kijana wa mambo ya kompyuta, alizisoma kwa sauti katika mkutano wa Jumapili ile. Kanuni ya tatu ilisema mkuu wa shule awe amefundisha darasani si chini ya miaka mitano, na akishakuwa mkuu aendelee kufundisha kipindi kimoja kila wiki.

Mutua akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Sasa jamani, mzee wetu Mwakio tutampitishia wapi hapa?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Huyo mzee hata akikohoa watoto watanyamaza! Kanuni ya nini?" Wakacheka zaidi.

Mimi nikasimama. Kiburi kilikuwa kimeshanipanda. Nikawauliza kama mkubwa wa uwanja wa ndege hapo jirani anajua kurusha ndege. Kama hajui, mbona ndege zinaruka kila dakika juu ya vichwa vyetu? Kazi ya mkuu ni kuongoza, nikasema, si kushika chaki. Makofi!

Tabitha akanyanyuka polepole. Alikuwa na koti la kazini bado.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ndege haiogopi, mzee wangu. Mtoto anaogopa. Mimi sikatai uwe mkuu. Naomba kitu kimoja tu. Jumamosi sita. Ufundishe Jumamosi sita, darasa la wadogo, mimi nitakaa nyuma nikusaidie. Halafu chukua ofisi, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi."

Jumamosi sita! Hakuniomba miaka mitano. Alinishushia mpaka asubuhi sita za maisha yangu…

Nikamjibu hivi, na watu walisikia: "Mwalimu, mimi nimewaona walimu wakuu saba wakija na kuondoka, mimi nimekaa palepale. Ukuu naujua kuliko wao. Hiyo chaki shika wewe."

Wakacheka tena. Tabitha akakaa. Kanuni ya tatu ikafutwa kwa kalamu, palepale juu ya meza ya chai.

Tulipokuwa kwenye lifti, mke wangu aliniuliza kama kweli nilishindwa kukaa na watoto Jumamosi sita. Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi, yeye hayajui. Ghorofa ya kumi na mbili akashuka mbele yangu.

Basi nikaanza kazi. Na nilianza na nini? Na kengele! Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa nimeuona ukuu kutoka dirisha la karani, na kutoka dirishani nilichokiona ni kengele, mistari, tai, na mtu anayetembea kwenye baraza mikono nyuma. Hayo ndiyo niliyoyaleta. Nikaweka meza yangu kwenye korido, nje ya mlango wa darasa. Watoto wakaanza kupanga mstari kwa urefu. Chapati nikaipiga marufuku, kwamba hapa si hotelini.

Ndani ya darasa sikuingia. Nilikuwa nasikiliza mlangoni. Na nilichosikia kilinichoma: Kiingereza! Watoto wanaongea Kiingereza katika shule ya Kiswahili, na mwalimu anawaacha!

Hapo ndipo nilipokumbuka diski.

Ninyi mliosoma Kenya mnaijua. Ni kipande cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza, unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako umvishe yeye. Nilikivaa mimi nikiwa mdogo kwa kuongea Kitaita. Na nilipokuwa karani nilivitengeneza mwenyewe, vipya kila mwaka. Niliona jinsi vilivyofanya kazi: asubuhi moja tu, baraza lote kimya.

Ndugu zangu, kosa langu lote liko hapo. Nilidhani kile kimya ni mafanikio! Kutoka ofisini, darasa lililojaa hofu na darasa linalosikiliza yanasikika sawa kabisa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto hawezi kuchanganya vitu hivyo viwili. Mimi sikuwahi.

Nikachonga kibao. Nikakipiga msasa vizuri, maana mkono wangu ni mzuri kwa mbao. Safari hii nikageuza: atakayekamatwa anaongea Kiingereza ndiye atakayekivaa. Juu yake nikaandika kwa wino mweusi: NIMESAHAU KWETU.

Tabitha alipokiona alikaa kwenye kiti kama amepigwa. Alinisihi. Alisema mtoto anayechanganya ndiye anayejifunza, kwamba yule wa kuogopewa ni yule anayenyamaza. Alisema, "Mzee, ukimfunga mdomo upande mmoja, upande wa pili nao unafunga."

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe fundisha. Mimi niache niongoze."

Jumamosi ya kwanza ya kibao, korido ilikuwa kimya. Niliketi pale nje na kengele yangu nikifurahi! Mutua alipita akanishika mkono. "Mzee, kumbe! Hata mtoto wangu ametulia!"

Jumamosi ya tatu, watoto walikuwa ishirini na sita. Ya tano, kumi na tisa. Nikaandika barua ya kuwakumbusha wazazi nidhamu. Binti yangu Wakesho akaniambia, "Baba, huku watoto hawavishwi vitu shingoni. Na hata kama wangevishwa…" Hakumaliza. Alikuwa amechelewa zamu.

Nyumbani nako Neema alikuwa amepunguza maneno. Asubuhi alikuwa anamuuliza nyanya yake kama amelala vizuri, lakini kwa kunong'ona, huku anaangalia mlango kama nimesimama pale. Mke wangu aliliona. Mimi sikuliona, au nililiona nikajiambia ni adabu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya wazazi. Viti vilijaa, mke wangu amekaa mstari wa mbele na leso yake mpya mabegani. Neema alikuwa wa nne. Alipaswa kueleza jinsi ya kupika chai ya maziwa, mistari saba, aliyofundishwa na Tabitha. Kwa wiki mbili alikuwa amejizoeza na nyanya yake jikoni. Mke wangu alikuwa anaijua yote kwa moyo, midomo yake ilikuwa inacheza kabla mtoto hajafika mbele.

Neema alipokuwa anapita katikati ya viti alimkanyaga mama mmoja mguu. Akasema, "Sori."

Neno hilo tu! Neno ambalo mimi mwenyewe nalisema, ninyi mnalisema, hata Taita linasemwa!

Lakini nilikuwa nimesimama pale mbele ya wazazi wote, na kibao kiko mfukoni mwa koti. Nikawaza: nikimwacha, watasema mzee anapendelea mjukuu wake. Huo ndio uongozi niliokuwa naujua. Nikamwita. Akaja. Nikamvisha.

Alipanda jukwaani na kile kibao kifuani, NIMESAHAU KWETU, mtoto wa miaka tisa. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena… midomo inatetemeka, macho yanahama kwangu, kwa mama yake, kwangu. Watu kimya. Kile kimya changu nilichokuwa nakipenda sana! Sasa nilikuwa nakitazama usoni.

Mke wangu akasimama. Magoti yalikuwa yanamsumbua, lakini alipanda zile ngazi mbili peke yake. Akakivua kibao shingoni kwa mtoto. Akakivaa yeye.

Akatugeukia. "Kama huyu amesahau kwao, basi amenisahau mimi, maana kwao ni mimi. Nami sioni kama amenisahau. Aliyesahau kwetu yuko hapa chini."

Akamshika Neema mkono wakatoka. Walitembea hivyo hadi kwenye jengo letu, kibao kikiwa juu ya leso, kwenye baridi. Wakesho akawafuata mbio na makoti yao.

Je, niliomba msamaha siku hiyo? Hapana! Nilikasirika. Nilisema nimeaibishwa mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Tabitha kwamba yeye ndiye anayewalegeza watoto, na kama hataki utaratibu wangu mlango uko wazi. Hakubishana. Alifunga boksi lake la kadi kwa utepe wa ghalani kwao, akasema, "Baki salama, mzee," akaenda kusubiri basi.

Walimu wale wawili wengine wakamfuata wiki hiyohiyo.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaingia darasani mimi mwenyewe. Mara ya kwanza maishani! Watoto tisa. Nilisimama mbele na tai yangu. Nikasema, "Leo tutajifunza Kiswahili." Wakanitazama. Nikasubiri. Nilikuwa sijui kinachofuata! Nilijua kuweka mahudhurio, nilijua kupiga kengele, nilijua hata funguo za kila kabati, lakini sikujua mtu anasema nini baada ya hapo. Nikaandika ubaoni majina ya wanyama. Wakanakili. Kitoto kimoja cha kike kikainua mkono, kikakumbuka kibao, kikaushusha. Hakikusema kilichokuwa kinataka. Baadaye nilijua kilikuwa kinataka kwenda msalani…

Dakika arobaini zilikuwa ndefu kuliko miaka ishirini na saba. Nilitoka nimeloa jasho mpaka kwenye mkanda.

Mwezi haukuisha. Shule ikafungwa, viti vikarundikwa ukutani, kengele nikairudisha nyumbani kwenye mfuko wa plastiki.

Ningeshukuru kama ingekuwa imeishia hapo.

Neema aliacha Kiswahili kabisa. Si kwamba alikataa kwa hasira. Ungemsemesha angesikia, angefanya ulichomwambia, ila jibu lake lilikuwa kichwa: ndiyo kwa kichwa, hapana kwa kichwa. Asubuhi alikuwa anakuja jikoni, anamkumbatia nyanya yake, anakaa. Mke wangu angesubiri. Angesema, "Nimelala vizuri, mama," kumjibu swali ambalo halikuulizwa. Kila asubuhi! Nilikuwa nayasikia hayo nikiwa chumbani navaa viatu, na sikutoka.

Kisha moyo wa mke wangu ukaanza kuchoka. Akalazwa. Madaktari walizungumza na Wakesho, na Wakesho akatueleza machache kuliko aliyoambiwa. Nililijua hilo kwa macho yake.

Alasiri moja tulimpeleka Neema kumwona. Mke wangu alikuwa amekonda, mirija puani, lakini alipomwona mtoto akatabasamu. Akampapasa shavu. Akasema, "Neema wangu. Niambie kitu. Chochote. Hata ukikosea, nyanya hajali."

Neema akafungua mdomo.

Halafu akanitazama mimi. Hakunitazama usoni. Alitazama mfuko wa koti langu, ule ambao nilikuwa naweka kibao. Akaufunga mdomo.

Binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Baba, toka nje."

Nikatoka. Nikasimama kwenye korido ya wodi, karibu na mlango, nikisikiliza. Maisha yangu yote nimesimama koridoni nikisikiliza mlango! Niliomba Mungu nisikie sauti ya mtoto. Nilisema, Bwana, hata kwa kuchanganya, hata nusu neno… Kulikuwa kimya. Nilipoitwa kuingia, Neema alikuwa amelala kifuani kwa nyanya yake analia bila sauti, na mke wangu macho yake bado yako kwenye mdomo wa mtoto.

Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, Wakesho akiwa amemshika mkono.

Baada ya mazishi Neema alimwambia mama yake jambo, kwa Kiingereza, na mama yake akanieleza. Alisema siku ile alikuwa na maneno. Alitaka kusema, "Nyanya, usiende." Lakini hakuwa na hakika kama ndivyo inavyosemwa. Alikuwa anatafuta njia ambayo haina kosa.

Ilikuwa sahihi, ndugu zangu! Ilikuwa sahihi kabisa, hakuna cha kuongeza wala kupunguza! Na hata ingekuwa na makosa kumi…

Nilipokuwa nakunja nguo za marehemu nikakikuta kibao katikati ya leso zake. Alikuwa hajakitupa. Sijui kwa nini.

Niliwahi kufikiri sitatoka tena nyumbani. Lakini wiki chache baadaye nilipanda basi hadi Malton, nikasimama kituoni mbele ya lile ghala saa za kubadilisha zamu asubuhi. Tabitha akatoka na wenzake. Aliponiona akaja moja kwa moja.

"Shikamoo mzee. Pole tena na msiba."

Nililia mbele ya wafanyakazi wa ghala, mzee mzima na kofia yangu mkononi. Nilimwambia alikuwa sahihi kuhusu kila kitu. Nilimuuliza nifanye nini sasa.

"Jumamosi sita, mzee," akasema. "Bado zipo."

Siku hizi anafundisha sebuleni kwake, Mount Dennis, watoto saba. Nimeshakwenda Jumamosi zote sita, na nyingine juu yake. Nakaa nyuma, kwenye kiti kidogo, nakata karatasi na kukanda unga. Siku ya kwanza kabisa mtoto mmoja alisema anataka maji, nusu ya sentensi Kiingereza. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe! Tabitha akamjibu tu, "Unataka maji? Ya baridi au ya moto?" Mtoto akasema, "Nataka ya baridi." Basi. Hakuna aliyeona kilichotokea isipokuwa mimi. Asubuhi ile ya kwanza nilijifunza kitu ambacho miaka ishirini na saba ya dirishani haikunifundisha.

Nilimwomba Neema twende naye. Alitikisa kichwa.

Juzi Mutua alinijia baada ya ibada. Kamati inataka kufungua shule upya, na eti inahitaji mzee wa kuheshimika. Nikamwambia hapana. Lilitoka kirahisi sana, lile neno lililokuwa limenishinda! Nikamwambia wamwendee Tabitha, wamwombe radhi kwanza, na kanuni ya tatu irudishwe ilivyokuwa, neno kwa neno.

"Lakini mzee," akasema, "miaka mitano kweli? Si ni mingi? Miwili haitoshi?"

Nikamwambia mimi si wa kuamua kama ni miwili au mitano au kumi, waliofundisha ndio waamue. Mimi nina ujuzi wa hesabu moja tu: najua sifuri inafanya nini.

Ndugu zangu mnaosoma, popote mlipo, kama mko kwenye kamati ya shule, ya kanisa, ya msikiti, ya mtaa, nawasihi kwa magoti. Msimpe mtu watoto kwa sababu ya mvi zake, au sauti yake, au kwa kuwa amekaa karibu na shule miaka mingi. Muulizeni amesimama mbele ya watoto siku ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Na wewe uliyeombwa, kama hujawahi, usione haya kukataa. Au omba kwanza ukae kwenye kile kiti kidogo cha nyuma. Mimi niliona haya kukaa Jumamosi sita.

Haya ndiyo niliyoyalipa. Mke wangu alikufa akisubiri neno moja kutoka kinywani mwa mjukuu wake, na hakulipata. Neema hajasema neno la Kiswahili tangu siku niliyomvisha kibao. Asubuhi huingia jikoni, ananikuta mimi mezani, na nikimuuliza kama amelala vizuri ananijibu kwa kichwa.